Kabati Limehamishiwa Mlangoni

4 Februari

Mwanangu,

Marahaba, ingawa hujaniamkia. Najua ungeniamkia kama ungekuwa na nafasi, na kwa kuwa nafasi huna tangu siku uliyoanza kuvaa tai, naitikia mapema niendelee na kazi zangu. Sisi huku ni wazima. Dada yako amehamia nyumba yenye maji ya bomba na sasa anatusimulia habari za bomba kana kwamba amelivumbua yeye. Baba yako ngiri yake imekuwa kubwa. Anashona huku akiishikilia kwa mkono mmoja, na wateja wakimuuliza anasema ni gesi tu. Nimemburuta kwa daktari, amepewa tarehe ya kupasuliwa: wiki ya kwanza ya Juni. Atalala wodini kwangu, na mimi ndiye nitakayemfunga mdomo kuhusu hiyo gesi.

Nakuandikia barua kwa sababu simu yako, ikipokelewa, husema "niko kikaoni".

Jambo lenyewe ni hili. Mkurugenzi wetu wa hospitali ametuletea watu wawili wa maboresho. Mmoja ana saa ya kupimia shingoni, kama kocha wa mbio, nasi tumemwita Saa. Mwenzake ni binti anayetembea na roli za utepe wa rangi, huyo ni Utepe. Utepe amezungushia mistari kila kilichokaa kimya: mahali pa stepla, mahali pa kikombe cha kalamu, mahali pa kiti changu. Juzi nilisogeza kiti nikwepe jua, akaja kunirudisha ndani ya mistari kama gari lililoegeshwa vibaya. Naye Saa ametufunga kiunoni vidude vya kuhesabu hatua. Nesi wangu mmoja, yule tunayemwita Redio kwa sababu hazimiki, alikifunga chake kwenye kitoroli cha chakula chenye gurudumu bovu. Jioni Saa akaandika kwamba Redio anafanya kazi kupita uwezo wa binadamu na anahitaji kusaidiwa haraka. Redio hajacheka hivyo tangu harusi yake.

Hayo ningeyavumilia. Lakini wanataka kuhamisha kabati la dawa. Unajua lilipo: mwisho kabisa wa wodi, kando ya kitanda cha kumi na mbili, na meza yetu iko huku mlangoni. Ni hatua thelathini na nne kwenda na thelathini na nne kurudi, Saa amezipima kwa kamba. Wanasema hatua hizo ni upotevu, kabati lije mlangoni tuchukue dawa kwa kunyoosha mkono. Mimi nimesema hapana. Wakatazamana wakaniandika kwenye daftari.

Wewe ndiye mtaalamu wa mambo haya katika ukoo mzima. Niambie, hawa ni watu gani? Nani aliwafundisha, na alikuwa amelewa?

Shangazi yako

*

27 Februari

Shikamoo Shangazi,

Salamu naziweka kwa kifupi nifike kwenye hoja: mimi mzima, mke wangu mzima, mtoto ameota meno mawili. Mwambie Baba namsalimu na afuate masharti ya daktari.

Shangazi, umenichekesha, lakini nitakujibu kama mtaalamu kwa sababu umeniuliza kama mtaalamu. Muuguzi hulipwa kuuguza. Kila dakika anayotumia kutembea, kutafuta, kusubiri au kurudia ni dakika iliyoibwa kutoka kwa mgonjwa. Mgonjwa hatibiwi na viatu vyako. Ukiwa na safari sitini za kabatini kwa zamu, hizo ni hatua zaidi ya elfu nne zinazokwenda bure. Kwenye kiwanda kimoja cha sabuni tulihamisha mizani tu, mita kumi na moja, na uzalishaji ukapanda ndani ya wiki. Wafanyakazi wazoefu walipinga vilevile. Leo ukitaka kuirudisha mizani watakufukuza.

Samahani kwa nitakalosema. Kila mahali ninapokwenda namkuta mtu kama wewe. Amekula chumvi nyingi, anaijua kazi kwa macho yaliyofumbwa, na kwa sababu hiyo haioni tena. Tabia yake anaiita uzoefu. Simlaumu, lakini huwezi kumwachia achore ramani ya mahali ambapo amekwisha kuzoea kupotea.

Na nani aliyewafundisha hao wawili si muhimu. Mpango huwa ni mpango. Wape miezi mitatu.

Mwanao

*

11 Machi

Mwanangu,

Barua yako nimeisoma nikiwa nimesimama, maana kiti kilikuwa nje ya mistari. Meno mawili, hongereni. Baba yako anauliza kama mtoto ameshonewa nguo au anavaa hizo za dukani zinazofumuka. Amenunua mafuta mapya ya cherehani na kuficha risiti, sijui kwa nini anaficha, labda amenizoea.

Sasa nisikilize, wewe unayeniambia sioni. Nitembee nawe kutoka mezani mpaka kabatini, mara moja tu, na usihesabu kitu. Kitanda cha tatu, yule mzee wa mguu, ameacha kulalamika: hiyo ni habari mbaya, nasimama. Kitanda cha sita dripu imeganda, naigonga. Kitanda cha tisa jasho limemtoka usoni na feni inazunguka, nampima presha. Kitanda cha kumi na moja anataka bakuli na anaona haya kuita. Nafika kabatini, nachukua vidonge viwili vilivyonipeleka, narudi kwa upande wa pili. Nimekwenda kufuata vidonge, nimeona watu kumi na wawili. Mara sitini kwa zamu, mwanangu, kati yetu sote. Hakuna aliyetuagiza. Kabati ndilo lililotuagiza, kwa kukaa pale lilipokaa.

Likija mlangoni, niambie nani atakwenda mwisho wa wodi. Tutapita na kitoroli cha dawa saa za dawa, na daktari atapita asubuhi. Katikati ya hapo vitanda vya kumi na moja na kumi na mbili vitabaki na ukuta. Watu wamelala na vidonda vibichi vya kisu cha daktari. Sabuni haivuji damu.

Usinifanye mtu wa kale. Mwaka juzi tuliipanga stoo yetu sisi wenyewe, kabla ya tepe na saa. Mfagizi ndiye aliyeanza. Alisema anachoka kufuta vumbi juu ya maboksi ambayo hayafunguliwi, tukayafungua, tukatoa magunia mawili ya dawa zilizopitwa na wakati. Tukapanga rafu, tukaandika majina, na mpaka leo ukitaka bomba la sindano unalipata gizani. Hakuna aliyetupigia makofi. Nilidhani maboresho ndiyo hayo: anayefanya kazi anatazama kazi yake na kuitengeneza, kesho anaitazama tena. Hawa wako hawamtazami mtu, wanatazama viuno vyetu.

Nakuomba kitu kimoja tu. Mkurugenzi anakusujudia. Mwandikie mistari miwili, kabati libaki.

Shangazi yako

*

30 Aprili

Shikamoo Shangazi,

Nisamehe kwa kuchelewa. Nimekuwa na hospitali tatu na kiwanda kimoja kwa mpigo, na nyumbani nafika kulala. Mke wangu anasema mtoto ananiita "mgeni", natumaini anatania. Wote wazima.

Kuhusu kabati: haifai mimi kuandika barua ya kindugu kuingilia mpango ulioidhinishwa. Aliyeuandaa alikuwa na sababu zake na alipima vizuri. Maelezo yako ni mazuri kama hadithi, lakini hadithi haiwekwi kwenye jedwali. Lete takwimu. Ni wagonjwa wangapi umewaokoa kwa kupita tu? Kwa tarehe, kwa saa? Kama huna, basi kinachokusumbua ni kuhamishwa, na hilo linaeleweka.

Kuna fomu ya wazo la maboresho, ipo kwenye sanduku la kijani karibu na ubao. Jaza. Mawazo yote hujibiwa ndani ya siku tisini. Huo ndio utaratibu, na utaratibu hauna shangazi.

Mwanzoni mwa Juni ndiyo zamu ya Baba. Sitaweza kuja, tuna ukaguzi wiki hiyo hiyo. Lakini moyo wangu umetulia kwa kuwa atakuwa kwako. Asilazwe wodi nyingine yoyote.

Mwanao

*

9 Mei

Mwanangu,

Sisi wazima. Baba yako atapasuliwa tarehe tatu Juni, saa tatu asubuhi. Amekwisha kuwaambia mtaa mzima kwamba mwanawe hawezi kuja kwa sababu anakaguliwa na watu wakubwa. Nilimwambia wewe ndiye unayekagua wengine, akafurahi mara mbili.

Kabati limehamishwa jana. Utepe alilichorea mistari mlangoni kabla halijafika, likatua ndani yake, yeye na Saa wakagonganisha viganja kwa furaha. Fomu nilijaza, nimepewa namba, mimi ni wazo la arobaini na moja.

Lakini siandiki kwa ajili ya hilo. Baada ya kuhama waliubandika mpango wote ubaoni, na mimi nikausoma, maana sina tena pa kutembea. Ndani yake kuna mchoro wa wodi. Mchoro mzuri, mistari imenyooka. Kando ya kitanda cha saba pamechorwa sinki.

Hakuna sinki hapo. Liling'olewa walipobadilisha vigae, miaka mitano sasa, kabla Saa na Utepe hawajajua hospitali hii iko upande gani. Kwenye ramani za hospitali halipo, nimekwenda kuangalia. Lipo kwenye karatasi moja tu duniani. Ulikuwa chuoni, ukaniomba nikuchoree wodi yangu kwa ajili ya zoezi la darasani, nami nikakuchorea kwa penseli, na sinki nikalichora kwa hasira kwa sababu lilikuwa linavuja.

Kwa hiyo hukuja. Hukutuma mtu kuja kutazama. Ulikaa huko uliko na penseli yangu ya zamani, ukanihamishia kabati, kisha ukaniambia nilete takwimu.

Nijibu kwa neno moja. Ni wewe?

Shangazi yako

*

14 Juni

Shikamoo Shangazi,

Ndiyo.

Sikukuficha kwa ubaya. Kama ningekuambia mwanzoni, ungeupima mpango kwa kunitazama mimi, ungenikumbuka nikiwa na kamasi. Nilitaka uusikilize kama wa mtu mwingine. Ni kweli sikufika. Nilikuwa na siku sita za kuandika mipango mitatu, na wodi yako nilidhani naijua. Sinki ni kosa, nalikubali, litafutwa kwenye toleo lijalo. Halibadilishi hesabu ya hatua.

Na hesabu ndiyo inayonifurahisha leo. Nimepokea ripoti: wodi yako imekuwa ya kwanza kati ya wodi zote kwa kupunguza hatua zisizo na tija. Ya kwanza, Shangazi! Wodi ya mtu aliyepinga kuliko wote. Cheti kinakuja, nimeomba kiwekwe fremu. Nitakutaja kwenye mkutano wetu wa mwaka, bila jina, kama mfano wa mtu aliyebadilika.

Asante sana kwa Baba. Kwenye simu ulisema tu "anaendelea" ukakata, nikajua una kazi. Simu yake haipatikani, nadhani hajaichaji. Mwambie mjukuu wake ameanza kutembea. Naamini sasa yuko nyumbani anawasumbua wateja.

Mwanao

*

25 Juni

Mwanangu,

Marahaba. Barua yako imenikuta nimekaa kando ya kitanda cha Baba yako. Hajarudi nyumbani. Kwenye simu nilisema "anaendelea" na kukata kwa sababu nilikuwa na hasira, na ningesema maneno ambayo sikutaka mtoto wa kaka yangu ayasikie kutoka kwangu. Hasira bado ninayo, ila nimeshika kalamu, na kalamu inanipunguza kasi.

Alipasuliwa tarehe tatu kama ilivyopangwa. Saa nne na nusu alikuwa amerudi wodini, anatania. Vitanda vya karibu na meza vilikuwa vimejaa majeruhi wa ajali. Ngiri ni operesheni ndogo, nami sikutaka isemwe kwamba nampendelea ndugu yangu, nikamweka kitanda cha kumi na mbili kama ambavyo ningemweka mtu yeyote. Saa tano nilimpima presha kwa mkono wangu, ilikuwa nzuri.

Saa sita ni kikao chenu cha ubao. Unakijua, umekiandika wewe: wauguzi wote wasimame mbele ya ubao kwa dakika kumi. Siku hiyo Saa alikuwa na habari njema, akachukua dakika arobaini. Alituonyesha mstari unaoshuka, hatua zetu zilivyopungua wiki baada ya wiki. Tukapiga makofi. Na mimi nilipiga makofi, mwanangu, nimechoka kuandikwa kwenye daftari. Hilo nalo liweke kwenye jedwali lako.

Wakati huo Baba yako alikuwa anavuja damu kwa ndani. Hakuita, na hata angeita tulikuwa tunapiga makofi. Hakuna aliyekuwa na sababu ya kwenda mwisho wa wodi. Mfagizi peke yake ndiye aliyefika, anapiga deki. Alimsalimia hakujibu, akamshika mguu akaukuta wa baridi. Akaacha ndoo akaja mpaka mbele ya ubao akasema, "Mzee wa mwisho haitikii." Saa akamwambia asubiri sehemu ya maswali.

Nilikimbia. Wenzangu wanasema nilimsukuma Saa, mimi sikumbuki, ila sikanushi.

Alirudishwa chumba cha upasuaji, akaongezewa chupa nne za damu. Yu hai. Lakini ubongo ulikaa muda bila damu ya kutosha, na mkono wake wa kushoto haumtii. Daktari anasema huenda ukarudi kidogo, huenda usirudi. Sina haja ya kukueleza mkono wa kushoto wa fundi cherehani hufanya kazi gani, umekulia chini ya meza ile. Juzi alichukua pindo la shuka akajaribu kulisukuma juu ya goti lake, taratibu, kama anaingiza kwenye sindano. Likaanguka. Akalichukua kwa mkono wa kulia akajaribu tena. Nilijifanya natafuta kitu mfukoni.

Umeniomba takwimu, kwa tarehe na kwa saa. Tarehe tatu Juni, kati ya saa sita na saa saba kasoro dakika ishirini. Mgonjwa mmoja.

Kabati tumelirudisha. Mimi, Redio, mfagizi na msukuma machela tuliliburuta mchana kweupe, tepe zikachanika, Utepe akasimama pembeni analia. Nilimhurumia, kwa sababu yeye angalau alikuwepo. Alikuja baadaye akaniuliza kama anaweza kutembea na mimi zamu nzima, bila saa. Nimempa ruhusa. Mkurugenzi ameniandikia nijieleze kwa nini nisiondolewe kwenye usimamizi wa wodi. Nimejibu kwamba aje ajieleze yeye kitanda cha kumi na mbili. Hajafika. Cheti chako kimefika, pamoja na fremu.

Naweza kukutukana mpaka karatasi iishe, na ungestahili. Ulinidharau kwa sababu natumia miguu, na mimi nikakudharau kwa sababu huitumii, tukaandikiana barua tamu za kejeli miezi mitano huku kitanda kinamsubiri Baba yako. Mimi ninaujua upumbavu wangu, nalala nao. Wako ndio huu hapa.

Alipopata fahamu aliuliza kwa nini hakuna mtu aliyepita. Redio akamweleza habari za kabati na za mpango. Hakutaja mtu, kwa sababu hajui. Tangu siku hiyo kila nesi anayemgeuza, kila daktari, kila mgonjwa wa jirani anasikia maneno haya haya, ulimi ukiwa mzito lakini yakieleweka: "Mwanangu ndiye fundi wa mambo haya. Angeulizwa yeye, upuuzi huu usingefanyika. Ngojeni aje. Atamtafuta aliyechora kitu hiki mpaka ampate." Kisha ananigeukia mimi nimuunge mkono.

Siku zote hizi nimekuwa naitikia kwa kichwa. Leo asubuhi alianza tena, mbele ya daktari, nami nikatoka nje ya wodi ili nisiitikie. Sitaitikia tena na wala sitakutaja, hilo si la kwangu. Njoo umwambie wewe mwenyewe, kwa mdomo wako. Usiandike, usipige simu, usitume mtu.

Kila mlango ukifunguliwa anainua kichwa kutazama kama ni wewe. Anakungoja kwa hamu kubwa.

Shangazi yako